Swali la Saba

Kiwalani, kidato cha pili, chumba cha mwisho.
Mwalimu Nsajigwa ametua spika juu ya dawati,
ameiazima kwa jirani yake anayeuza dawa ya panya na kunguni,
na kabla ya Kiingereza kuanza
inatutangazia mende mara mbili.

Kisha anakuja mwanamke wa mbali.
Anasoma taratibu,
kama mtu anayehesabu chenji mbele ya mteja asiyemwamini.
Tunajaza mapengo.
Kwanza, treni. Pili, saa.
Anasema nane; kichwa changu kwa mazoea
kinaigeuza kuwa saa mbili asubuhi.
Naandika mbili. Nafuta.
Karatasi inatoboka.

Swali la saba linamezwa na ndege.
Inapita juu ya mabati, magurudumu nje,
madirisha yanatetema, chaki inabingirika,
na ikishamaliza kutua
mwanamke yupo swali la tisa, hana habari.
Chuma ameandika "upepo".
"Ulichosikia ndicho ulichoandika," Mwalimu anasema,
"sifuri, lakini sifuri ya mkweli."

Jana ilikuwa sarufi.
"Sikudhani, simama. Jina lako ni sentensi nzima.
Si, ni wewe, na papo hapo unakana.
Ku, ni wakati, umeshapita.
Dhani, kitenzi.
Kiingereza kingehitaji maneno manne kukubeba."
Darasa likacheka.
Sikuwahi kujua kwamba bibi yangu, aliponipa jina,
alikuwa anafunga mlango nyuma ya kitu.

Halafu akaandika ubaoni: hajarudi.
Tukahangaika nayo kipindi kizima.
Tukapata mtu, tukapata kukana, tukapata kurudi,
ila ile "ja" ikakosa pa kukaa,
hadi Mwalimu akachomoa neno dogo kama punje,
akalibandika mwisho wa sentensi:
yeti.

Nyumbani nililirudia nikiosha masufuria.
Mama akauliza, "Ni nini hicho chetu?"
"Si yetu, mama. Yeti.
Ni ile ja ya hajarudi."
Akaendelea kumenya mihogo.
Maganda yalitoka marefu, bila kukatika.

Kondo aliondoka na lori la Tunduma, utingo,
Julai ya mwaka juzi,
akaacha kandambili moja mlangoni
na deni la vocha kwa Mangi.
Deni tumelipa. Kandambili ipo.
Mjomba alipokuja Idi, mdomo umejaa pilau, alisema,
"Tangu mtoto yule aende, hakurudi,"
na Mama akamtazama mpaka akameza.
"Hajarudi," akamsahihisha,
yeye aliyeishia darasa la nne,
na hakuna mwalimu aliyewahi kusahihisha kwa sauti ndogo vile.
Mtaa mzima unamwita Mama Kondo.
Atalitiaje jina hilo wakati uliopita?

Usiku Mwalimu katutumia sauti kwenye simu.
Kioo kimepasuka, spika inakoroma,
nimekaa kwenye ndoo karibu na jiko,
narudisha nyuma, narudisha tena.
Treni. Nane, naiacha nane.
La tano, la sita,
na ndege ya saa tatu inaanza kushuka,
mimi huyo nainamia simu, kidole sikioni,
nimekosa tena.

Mama anageuza mihogo.
Miaka kumi na tisa ameishi chini ya ndege hizi,
amekopa na kulipa, amebembeleza watoto,
amesikia hodi na wateja na kilio cha jirani
katikati ya ngurumo zao.
Haachi kugeuza.
"Amesema lile neno lenu," ananiambia.
"Lipi?"
"La mwisho. Kama yetu."

Narudisha nyuma. Ndege imeshatua.
Mwanamke wa mbali anauliza kuhusu mtu fulani,
kama amefika,
na mwanamume anamjibu, na kweli,
mwisho kabisa, lipo.

Naandika kwa kalamu ya wino, sifuti.
Mama ananyoosha mkono, anaomba daftari,
analishika mbali na mafuta,
anatafuta kwa macho pale lilipo.
"Hili?"
"Hilo."
"Dogo," anasema,
na kunirudishia.